Mfumo Ukikataa: Kanuni Zipi Zitulinde Watu wa Nyanda za Juu Kusini?

Ukiwa mjumbe wa bodi ya SACCOS pale Uyole, katibu wa AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa Mbozi, au diwani wa kata yoyote kati ya Tukuyu na Makambako, mapema au baadaye utaletewa programu ya kuamua nani apewe nini. Muuzaji atafungua kompyuta mezani, ataonyesha alama za mwombaji zikitoka kwa sekunde chache, na atawaambia kwamba kamati ya mikopo haitakesha tena na mafaili. Swali linalokosa nafasi siku hiyo ni moja: aliyekataliwa na programu hiyo aende wapi?

Nchi nyingi zimeshalijibu, kila moja kwa namna yake, na majibu hayalingani kabisa. Nimeyaweka kando kwa kando hapa kwa ajili ya watu wanaopaswa kuchagua: bodi zinazoandika sera ya mikopo, halmashauri zinazonunua mifumo, na wananchi watakaoitwa kutoa maoni Bunge litakapoligusa jambo hili. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute. Kwa mtu wa huku, kanuni yenye thamani kuliko zote ni ile inayomlazimisha anayekataa kutoa sababu mahususi siku anayokataa. Nyingine zinafaa kadiri zinavyoisaidia hiyo.

Kila njia nitaipima kwa mtu mmoja. Ni mama anayelima mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali, mwenye simu ya kitochi, aliyeomba mkopo wa pembejeo mwezi Novemba. Karani anamwambia, "Shikamoo mama. Samahani, mfumo umekataa." Kesho asubuhi mama huyu afanye nini?

Tayari tunaamuliwa

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Lakini mikopo ya simu ya M-Pawa ilianza nchini mwaka 2014, na tangu hapo Mtanzania amezoea kuomba fedha na kujibiwa na mashine inayosoma miamala na akiba yake, bila afisa yeyote kumwona. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapahapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, siku ya Nane Nane mwaka 2022. Mkulima anaandikishwa kijijini, anapata namba, na wakala wa pembejeo anaiingiza namba hiyo kwenye mfumo kabla ya kumuuzia kwa bei ya ruzuku. Jina lisiposoma, mkulima anabaki amesimama mlangoni mwa duka na hela yake mkononi, na wakala mwenyewe hana la kumweleza zaidi ya kwamba halisomi.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nayo ina fomula. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, mkutano wa kijiji hutaja kaya, kisha dodoso hujazwa, na hesabu ya kitakwimu hukisia hali ya kaya kwa kutazama mambo kama nyumba, mali na idadi ya wanaoishi humo. Mpango huo una jambo zuri ambalo watu wengi hawalioni: wanakijiji wanakuwepo kabla ya hesabu na wanarudi tena baada yake kuithibitisha orodha. Programu nyingi zinazouzwa sasa hazina mkutano wa kijiji upande wowote.

Kuhusu mikopo ya mitandaoni, ile ambayo watu wanaiweka kapu moja na kausha damu, Benki Kuu ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Ilikuwa hatua ya lazima. Ila leseni inamwambia mwananchi nani anaruhusiwa kukopesha. Haimwambii kwa nini yeye amenyimwa, au kwa nini jirani yake amepewa mara mbili.

Njia ya kwanza: haki ya kulalamika

Hii ndiyo tuliyo nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina kifungu kinachohusu watu wanaoamuliwa na mashine. Mtu anaweza kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usitokane na mashine peke yake. Ukiwa umetokana nayo peke yake, anastahili kuarifiwa hivyo, na anaweza kutaka uangaliwe upya. Kenya iliweka haki ya aina hiyo kwenye kifungu cha 35 cha sheria yake ya mwaka 2019. Umoja wa Ulaya unayo katika kifungu cha 22 cha kanuni yake ya ulinzi wa taarifa, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018.

Ubora wake hauna ubishi. Ipo tayari, Tume ya kuisimamia ipo, ilizinduliwa Aprili 2024, na SACCOS haihitaji kununua chochote ili kuitii. Yeyote anayesema Tanzania hatuna kanuni juu ya mambo haya hajaisoma sheria.

Udhaifu wa kwanza ni kwamba kila kitu kinaanza na aliyeumia. Mama wa Ubaruku anatakiwa ajue kwanza kwamba kulikuwa na mashine, ajue kwamba kuna sheria, aandike barua, aifikishe inakotakiwa, halafu asubiri. Nauli ya kwenda na kurudi mjini inaweza kumla fedha ya palizi. Haki inayoanza na barua humfaa zaidi mwalimu, mfanyakazi wa ofisi, mtu mwenye ndugu mwanasheria. Hilo halifanyi haki yenyewe kuwa mbaya, lakini linaonyesha nani ataitumia.

Udhaifu wa pili umejificha kwenye maneno "peke yake". Taasisi ikimweka karani mmoja anayebofya "kubali" chini ya kila jibu la mashine, itasema uamuzi ulifanywa na binadamu. Nani atabisha? Karani mwenye waombaji mia kwa siku, anayejua kwamba akipinga mashine na mkopo ukachacha ataulizwa yeye, hatapinga. Jina lake litakuwa pale kama muhuri tu.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililiona tatizo hili. Tarehe 7 Desemba 2023, katika kesi iliyohusu SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayotoa alama za ukopaji, mahakama ilisema kwamba iwapo mkopeshaji anaegemea sana alama hizo, basi kule kutoa alama ndiko uamuzi wenyewe. Kwa hiyo kampuni ya alama haiwezi kumsukumia benki lawama, wala benki haiwezi kusema sisi tuliletewa tu namba. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wetu, lakini hoja yake ni ya kuchukuliwa na kuandikwa kwenye sera zetu wenyewe: alama ikiegemewa, hesabu kwamba mashine imeamua.

Njia ya pili: sababu kwanza

Marekani haina sheria moja ya taifa lote inayodhibiti akili unde (AI). Kwenye mikopo, hata hivyo, wana jambo la zamani ambalo kwangu ni zuri kuliko mengi yaliyoandikwa juzi. Sheria yao ya fursa sawa katika mikopo ni ya mwaka 1974, na kanuni iliyojengwa juu yake inamtaka mkopeshaji anayekataa amjulishe mwombaji ndani ya siku 30 tangu apokee maombi yaliyokamilika, na ampe sababu mahususi au amwambie kwamba ana haki ya kuzidai. Halafu inaongeza jambo lenye nguvu sana. Kumwandikia mtu kwamba hakufikisha alama hakutoshi. Kumwambia kwamba amekataliwa kwa mujibu wa sera za ndani za taasisi, hakutoshi pia. Maelezo rasmi ya kanuni yanasema hata kwamba sababu zikizidi nne, hazielekei kumsaidia mwombaji.

Turudi Ubaruku. Akiambiwa, "Mkopo wako wa msimu uliopita unaonekana haujafungwa," anafungua sanduku, anatoa risiti, anakwenda nayo kwa karani. Akiambiwa, "Akiba yako haijafikia theluthi ya ulichoomba," anapunguza ombi au anauza gunia mbili akaongeze akiba. Akiambiwa, "Eneo lako halimo kwenye orodha ya skimu ya umwagiliaji," anamfuata mwenyekiti wa skimu. Kila sababu ya kweli inampeleka kwa mtu fulani, mahali fulani, na kitu fulani mkononi. "Mfumo umekataa, basi," haimpeleki popote.

Nguvu nyingine ya njia hii haizungumzwi sana, nayo ndiyo iliyonivuta. Inachuja programu kabla hazijanunuliwa. Bodi ya SACCOS haina mtaalamu wa kuchungua hesabu zilizo ndani ya programu, wala haina fedha ya kumwajiri. Lakini mjumbe yeyote anaweza kumwambia muuzaji: tupe mwombaji wa mfano, mkatae, kisha tuonyeshe ujumbe atakaopokea. Ikitoka namba peke yake, au neno kama "hatari kubwa", mazungumzo yameisha. Programu isiyoweza kusema kwa nini haiwezi kutumika chini ya kanuni hii, hata iwe na akili kiasi gani. Mkulima aliyemaliza darasa la saba anaweza kufanya ukaguzi huo akiwa amekaa kwenye benchi la mkutano mkuu.

Sasa udhaifu, na si mdogo. Kwanza, siku 30 ni za nchi yenye misimu yake. Kwetu mvua ni moja kwa mwaka. Ikishaanza Novemba au Desemba, mbolea ya kupandia haingoji, na jibu la baada ya mwezi linakukuta umeshapanda bila mbolea au umeshakopa kwa mtu wa mtaani. SACCOS ikiiga kanuni hii, ifupishe muda: sababu itoke pamoja na jibu, palepale, na marekebisho yasizidi wiki moja.

Pili, sababu inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa ya kuonea. Wako wanawake wengi vijijini wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume. Mashine inayosoma miamala ya simu itamwona mume ana historia nzuri na mke hana chochote. Itamwambia, "Hakuna kumbukumbu ya miamala," na itakuwa haijadanganya. Ukimsikiliza mama mmoja mmoja, kila jibu litaonekana sawa. Dosari inaonekana pale tu unapowapanga waliokataliwa wote na kuuliza ni akina nani. Njia hii haina jicho la namna hiyo.

Tatu, sababu za mtu ni siri yake. Tumezoea ubao wa matangazo kwenye ofisi ya kijiji, na kwa orodha nyingi ubao unafaa. Sababu za kunyimwa mkopo zisibandikwe pale. Zitumwe kwa ujumbe wa simu kwa Kiswahili chepesi, na kwa mzee asiyesoma zisemwe na mtu, ikibidi kwa Kisangu au Kinyakyusa, akiwa peke yake au na aliyemchagua.

Mbili hizi zikikaa pamoja

Haki ya kulalamika inamtaka mwananchi aanze. Kanuni ya sababu inamtaka mwenye mfumo aanze. Ya kwanza inagusa kila aina ya uamuzi, kuanzia ajira hadi bima. Ya pili, huko ilikotoka, ni ya mikopo, na ukiitaka kwenye ruzuku au shule lazima uiandike upya. Ya kwanza ina Tume nyuma yake na inaweza kumfuata mkubwa aliyegoma. Ya pili isipokuwa na msimamizi itageuka fomu yenye visanduku, kila aliyekataliwa anapigiwa tiki "taarifa hazijitoshelezi".

Zinategemeana kwa namna moja ya wazi. Lalamiko lisilo na sababu mkononi ni kilio tu. Utaandika nini kwa Tume kama unachojua ni kwamba mfumo umekataa? Ndiyo maana kama ningelazimishwa kutanguliza moja, ningetanguliza sababu, kisha nikaiacha sheria ya 2022 ifanye kazi yake kwa wale waliopewa sababu ya uongo au wakanyimwa kabisa.

Njia ya tatu: kupima kabla ya kuwasha

Serikali ya shirikisho ya Kanada ilitoa mwongozo wake juu ya maamuzi ya mifumo mwaka 2019, ukaanza kubana wizara zake Aprili 2020. Kabla mfumo haujawashwa, wizara inajaza tathmini ya athari yenye maswali mengi: uamuzi unagusa haki gani, kosa linaweza kurekebishwa au la, taarifa zimetoka wapi. Majibu yanaupa mfumo daraja moja kati ya manne, na matokeo yanachapishwa hadharani. Madaraja mawili ya juu hayaruhusu mashine itoe neno la mwisho. Lazima mtu aamue. Mwongozo huu unaibana serikali yenyewe, hauzigusi benki wala kampuni.

Ili kuona faida yake, angalia palipokosekana kitu cha aina hiyo. Kuanzia katikati ya muongo uliopita Australia iliendesha mpango uliokuja kuitwa Robodebt, wa kuwadai watu walionufaika na ruzuku za ustawi wa jamii. Mashine ilichukua kipato cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawa sawasawa katika vipindi vya wiki mbili mbili, kisha ikalinganisha na kile mtu alichokuwa ametaja kila kipindi. Penye tofauti, mtu alidaiwa.

Mtu wa Mufindi ataliona kosa mara moja. Kibarua anayechuma chai miezi minne ya mvua, kisha akakaa bila kazi miezi mingine, ukimgawia kipato chake sawa kwa mwaka mzima utasema alikuwa na hela mwezi wa tisa wakati alikuwa hana hata ya chumvi. Utamdai alichopewa kihalali. Na kule Australia mzigo wa kuthibitisha ulibebeshwa mdaiwa: lete hati zako za malipo za miaka iliyopita, ukishindwa unadaiwa. Mpango ulikuja kuonekana haukuwa halali, serikali ikaingia kwenye maridhiano ya dola za Australia bilioni 1.8, na tume ya kifalme ya uchunguzi ikatoa ripoti yake Julai 2023. Swali moja kabla ya kuwasha, "Je, wapo wenye kipato cha msimu?", lingeonyesha tatizo. Kwetu swali hilo lisipoulizwa, karibu kanda nzima itahesabiwa vibaya, kwa sababu kipato cha huku ni cha msimu: mpunga Usangu, viazi Njombe, kahawa Mbozi, mbao Mafinga kwa wale wanaofanya kazi kwa mkataba wa kukata.

Kupima kabla, hata hivyo, si dawa ya kila kitu. Mwaka 2020 Uingereza ilifuta mitihani ya kidato cha juu kwa sababu ya korona, na mamlaka ya mitihani ya England ikatumia fomula iliyotazama, pamoja na mengine, historia ya matokeo ya kila shule. Fomula ilikuwa imepimwa kwa makini kabla. Kwa wastani wa nchi ilionekana kufanya vizuri. Lakini karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu zilishushwa, na aliyeumia zaidi ni mwanafunzi hodari kwenye shule ambayo haijawahi kutoa watu hodari. Madarasa yenye wanafunzi wachache sana yaliachiwa alama za walimu, jambo lililozinufaisha shule binafsi. Tarehe 17 Agosti, siku chache tu baada ya matokeo kutoka, serikali ikaiacha fomula hiyo. Mfikirie binti wa shule ya kata huko Makete aliyekesha na kitabu mwaka mzima, akaambiwa alama zake zimepunguzwa kwa sababu ya kaka zake waliomtangulia shuleni. Wastani mzuri wa taifa haumponyi huyo. Anachohitaji ni sababu yake mwenyewe na mtu mwenye mamlaka ya kuibadilisha, na hapo tunarudi kwenye njia mbili za mwanzo.

Kwa mama wa Ubaruku njia hii inafanya kazi bila yeye kujua. Ikifaulu, hakataliwi kwa kosa la kijinga. Ikishindwa, haimpi chochote mkononi.

Njia ya nne: madaraja ya hatari ya Ulaya

Hii inasifiwa sana kwenye makongamano, nami nitaipitia haraka kwa sababu kwa SACCOS au halmashauri si chaguo la kweli kwa sasa. Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya ilianza tarehe 1 Agosti 2024. Inapanga mifumo kwa hatari: mingine inakatazwa kabisa tangu Februari 2025, mingine inaitwa ya hatari kubwa na kubebeshwa wajibu mzito wa kumbukumbu, majaribio na usimamizi wa binadamu. Kupima uwezo wa mtu kukopesheka kumo kwenye orodha ya hatari kubwa, pamoja na ajira, elimu na misaada ya serikali. Faini kwa anayetumia yaliyokatazwa inaweza kufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo yake ya dunia nzima, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo.

Inahitaji wakaguzi, maabara, mamlaka katika kila nchi. Tukiinakili leo tutapata kitabu kinene rafuni Dodoma. Faida yake kwetu iko mahali pamoja pa vitendo: muuzaji anayeuza programu hiyohiyo Ulaya atalazimika kuwa na hati zinazoeleza inavyofanya kazi na ilivyojaribiwa. Ziombeni hati hizo. Zikishaandikwa, kuzituma Mbeya hakumgharimu chochote.

Upande wa kukataza moja kwa moja una wafuasi wake pia, na historia ndefu. Ufaransa iliandika kwenye sheria yake ya Januari 1978 kwamba hukumu ya mahakama juu ya mwenendo wa mtu haiwezi kujengwa juu ya uchakataji wa kompyuta unaochora tabia zake. Mahakama ya The Hague nayo, Februari 2020, iliusimamisha mfumo wa SyRI, uliokuwa ukichanganya taarifa za wananchi ili kuwanusa wanaoweza kudanganya kwenye misaada, kwa kuwa ulikiuka haki ya faragha. Nami naona yapo mambo mawili ambayo huku yanastahili katazo bila mjadala: mashine isimwondoe mtu kwenye orodha ya msaada anaoupata tayari bila mtu kufika nyumbani kwake, na programu ya mkopo isisome orodha ya namba za ndugu na marafiki kwenye simu ya mwombaji. Tumeshaona madeni yakitangazwa kwa mashemeji na wachungaji.

Uchague ipi

Inategemea umekaa kiti gani.

SACCOS au AMCOS ndogo, anza na sababu. Mkutano mkuu una uwezo wa kuiweka kwenye sera ya mikopo bila kusubiri mtu yeyote: kila anayekataliwa apewe sababu zisizozidi nne, kwa Kiswahili, siku ileile, na jina la mjumbe wa kamati ya mikopo wa kumfuata. Huyo mjumbe awe na mamlaka kamili ya kutengua, na akikubaliana na mashine aandike sababu yake mwenyewe, kwa mkono wake. Kila robo mwaka kamati ya usimamizi ihesabu ametengua mara ngapi. Msimu mzima ukipita bila kutengua hata ombi moja, ama mashine ni malaika ama mjumbe anapiga muhuri, na mkutano una haki ya kumuuliza. Hapohapo waliokataliwa wapangwe kwa jinsia na kwa kijiji. Hiyo ni tathmini ya Kanada kwa kipimo cha chama kidogo, na inahitaji daftari na kalamu tu.

Halmashauri au mradi wa serikali, geuza mpangilio: pima kwanza, sababu baadaye. Mkulima anaweza kuihama SACCOS asiyoipenda, lakini ruzuku haina duka la pili. Kabla ya kuwasha, wakusanye watu wa aina ambayo mashine haiwajui vizuri, vibarua wa msimu, wajane, waliohama kutoka wilaya nyingine, wenye laini za majina ya wengine, uwapitishe kwenye mfumo mmoja mmoja uone unasemaje. Matokeo ya zoezi hilo, bila majina yao, yasomwe kwenye baraza la madiwani.

Na kama wewe ni mwananchi utakayeitwa kutoa maoni, usiombe sheria mpya nene. Omba sheria ya 2022 iongezewe mambo mawili kwa njia ya kanuni: sababu mahususi zitolewe bila kuombwa, na uamuzi ulioegemea alama za mashine uhesabiwe kuwa wa mashine hata kama karani amebofya. Hayo mawili yakipita, mama wa Ubaruku hatahitaji kujua namba ya kifungu.

Limebaki la muuzaji. Mkataba wake uwe na sharti kwamba programu itatoa sababu kwa kila anayekataliwa, kwamba taarifa za wanachama ni mali ya chama na zitafutwa kwake mkataba ukiisha, na kwamba siku programu ikibadilishwa ndani mtaarifiwe kabla ya kuanza kutumika. Akisema sababu haziwezekani kwa kuwa teknolojia yake ni ya hali ya juu mno, mshukuruni, mpeni chai, na muendelee na kamati yenu ya mikopo na mafaili yake mpaka aje mwingine anayeweza.